Jina la Baba Mkwe Katika Daftari la Kisomo

Mimi si mtu wa kunyamaza. Nilizaliwa Ilula, upande wa Iringa, na utotoni nilisimama na mama kando ya barabara kuu tukiwauzia nyanya abiria wa mabasi. Basi likisimama unakuwa na muda mfupi tu wa kupiga kelele kabla dereva hajaondoa gari, na asiyepiga kelele anarudi nyumbani na nyanya zake. Huko ndiko sauti yangu ilikokomaa. Nilipokwenda chuo cha ualimu, mkufunzi mmoja aliniambia kwamba somo langu linasikika mpaka shule ya jirani, na mimi kwa ujinga wa ujana nikadhani ananisifu.

Basi mtu wa namna hiyo ndiye aliyeolewa Rungwe, mkoa wa Mbeya, kwa watu ambao mkamwana halitamki jina la baba mkwe wake mpaka anaingia kaburini.

Mama mkwe alinifundisha mambo hayo wiki ile ile niliyofika. Tulikuwa chini ya upenu nyuma ya nyumba tunamenya ndizi, na mvua ya kule, ambayo haijui kuchoka, ilikuwa inanyesha.

"Mwanangu," alisema, "baba yenu usimuone. Ukisikia anakuja kwenye njia, wewe ingia kwenye migomba, geuka, funika kichwa. Akiwa anakula, usiwepo. Na ile jina yake usitaje. Hata kama ni jina ya mtu mwingine, ile jina isipite kwenye mdomo yako."

"Na nikikutana naye kwa bahati mbaya, mama?"

"Kimbia."

Nilicheka. Yeye hakucheka. Kwetu Iringa nasi tunawaheshimu wakwe, tena sana, lakini heshima yetu haimwingizi mtu migombani. Mume wangu alikuwa dereva wa lori la kahawa, kila siku yuko njiani kati ya Tukuyu na Mbeya. Nilipomlalamikia alisema, "Utazoea," kisha akawasha gari akaenda zake. Wanaume wana bahati ya kuwa na mahali pa kwenda maneno yakianza kuwa magumu.

Nilizoea kweli. Tena nikazoea mpaka nikaanza kujivuna. Wanawake wa pale waliponisikia nikisema "mzee wa nyumba kubwa" badala ya jina, walitazamana kwa kuridhika: msichana wa Iringa amefunzwa, amefunzika. Baba mkwe nilimjua kwa vipande vipande. Nilijua hatua zake, nilijua harufu ya tumbaku yake, nilijua koti lake la mvua la kijani lililokuwa likitundikwa mlangoni. Nilikaa miaka katika mji mmoja na mtu ambaye uso wake ningeulizwa nisingeweza kuueleza.

Ndipo ikaja kampeni ya kisomo. Waliokuwa watu wazima miaka ile ya sabini wanakumbuka. Ilitoka amri kwamba kila asiyejua kusoma na kuandika aandikishwe na afundishwe, na kijijini kwetu serikali ya kijiji ikaongeza ya kwake: mtoro atatajwa kwenye mkutano wa hadhara na atapelekwa kuchimba barabara ya kwenda kwenye ghala la kahawa. Walimu tuligawiwa madarasa ya alasiri, baada ya watoto kutoka. Mwalimu mkuu alinipa kundi kubwa kuliko yote. "Wewe sauti unayo, mwalimu," alisema.

Kazi ya kwanza ilikuwa majina. Kila balozi wa nyumba kumi alitakiwa kuleta orodha ya watu wake, na mimi nizihamishie orodha zote kwenye daftari moja la mahudhurio. Ukiisikia hivyo unaona ni kazi ya kukaa kitako mara moja ukamaliza. Ngoja uletewe hizo orodha. Balozi mmoja aliandika watu wake kwa kufuata nyumba, kuanzia mtoni kupanda mlima. Mwingine alianza na wazee, akaja kwa vijana, akawarundika wanawake chini kabisa kwa mwandiko mdogo kama anawaonea haya. Mwingine alikuwa hajui kuandika yeye mwenyewe, kwa hiyo alikuja akasimama mlangoni kwangu akidondosha maji ya mvua, akanitajia majina kwa haraka huku mimi nikimkimbiza kwa penseli. Mwingine aliandika nyuma ya kalenda ya zamani, na picha ya upande wa pili ilikuwa inapenya katikati ya majina.

Daftari lenyewe lilikuwa na safu zake, limenyooka: jina, jina la baba, umri, jinsi, kitongoji. Orodha za mabalozi hazikuwa na habari na safu. Zilikuwa na "mama wa kule chini" na "mke mdogo wa fundi". Nilimuuliza balozi mmoja, "Huyu mama wa kule chini anaitwa nani?"

"Mama wa kule chini."

"Jina lake, mzee."

Akatazama pembeni. "Yule ni mkwe wangu, mwalimu. Kaulize kwa jirani."

Nikaenda kuuliza kwa jirani, na kwa jirani wa jirani. Nilikuwa nikinung'unika njia nzima, lakini ukweli ni kwamba kazi ile niliipenda. Kuna raha ya kuchukua vurugu za watu wanne ukazipanga kwenye mistari iliyonyooka, penseli kwanza, wino baadaye, rula ikilala chini ya kila jina. Nilikuwa nimefika kwenye orodha ya balozi wetu wenyewe, aliyekuwa na mwandiko mzuri wa mtu aliyesoma kwa wamisionari, nilipoona jina la baba mkwe wangu. Limekaa mstari wa tatu, herufi zote, na la baba yake pembeni.

Nilishtuka kama mtu aliyefungua mlango akakuta mkubwa anaoga. Nililifunika kwa kiganja, peke yangu chumbani. Halafu wazo la pili likaja, na hilo lilinishtua zaidi: hajui kusoma. Sikuwahi kulifikiria. Ungejuaje jambo kama hilo kwa mtu usiyemtazama?

Nilikwenda kwa mama mkwe na swali ambalo nadhani hajawahi kuulizwa na mkamwana yeyote kabla yangu. Nilimuuliza kama kuandika ni kutamka.

Aliweka chini kisu cha ndizi. "Ukiandika, inatoa sauti?"

"Haitoi, mama."

"Basi andika. Ila usisome."

Lakini daftari la mahudhurio kazi yake ni kusomwa. Kila kipindi mwalimu anaita, mtu anaitika, mwalimu anaweka vema. Asiyeitika anawekewa sifuri. Nililizungusha jambo hilo kichwani mpaka nikapata dawa yake. Nililitoa jina lile kwa watu wa balozi wake nikalihamishia mstari wa mwisho kabisa, chini ya wote. Nikifika hapo nitanyamaza tu. Nilijiona nina akili nyingi.

Siku ya kwanza ya darasa watu walijaa, wazee wazima wamekunja magoti kwenye madawati ya watoto. Nilisikia wakimsalimu mtu nje. Hakuingia. Alikaa chini ya upenu, upande wa dirisha lisilo na kioo, ukuta ukiwa kati yetu. Nilianza kuita majina. Nipo, nipo, nipo. Nikafika mwisho wa daftari, nikanyamaza. Darasa lote lilijua ninachonyamazia, kila mtu akatazama miguu yake. Nje mtu akakohoa.

Bibi mmoja wa mbele alianza kucheka kwa kujificha, kisha wote wakaangua kicheko, na mimi nikaweka vema huku nikicheka. Tangu siku hiyo ikawa ndiyo kawaida yetu. Mwisho wa majina kulikuwa na kimya, na mwisho wa kimya kulikuwa na kikohozi.

Kufundisha nako tulikupatia njia. Fundi seremala mmoja, jirani wa mzee, alikaa dirishani na kumpitishia kibao cha kuandikia. Mimi nilisema kwa darasa zima, "Mwambieni aliye nje mkia wa herufi hiyo unaelekea chini," na kibao kilirudi kimesahihishwa, kimelowa pembeni. Kila mwanafunzi nilimwandikia jina lake kwenye kipande cha karatasi ngumu ajifunze kulinakili. La mzee niliandika kwa mwandiko wangu bora. Seremala alipotaka kumsomea, mimi niliziba masikio kwa vidole, na darasa likacheka mpaka nikalazimika kugonga meza.

Alikuwa mwepesi wa kushika. Wenzake walipokuwa bado wanahangaika na silabi, yeye alishaanza kuunga maneno. Alasiri moja kibao kilikuja kutoka nje bila mimi kuagiza chochote. Kilikuwa kimeandikwa: mvua imezidi. Ndilo neno la kwanza ambalo mzee yule aliwahi kuniambia. Nilichukua chaki nikaandika chini yake: pole, baba. Nikampa seremala akirudishe, na nilifundisha kipindi kilichobaki nikiwa na furaha ambayo sikuweza kumweleza mtu, kwa sababu ukiieleza inakuwa si kitu: mzee amesema mvua imezidi.

Haikudumu. Ofisi ya elimu ilitaka nakala ya daftari, nikaipeleka. Baada ya muda orodha ilirudi imepigwa chapa kwa mashine, safi, na karani alikuwa amewapanga watu wangu wote upya kwa kufuata herufi. Hakuwajua. Kwake yalikuwa majina tu, na majina hupangwa hivyo. Jina la mzee likawa limehama kutoka mwisho na kukaa katikati ya watu.

Orodha hiyo haikuja peke yake. Ililetwa na mratibu mpya wa elimu, kijana wa pwani aliyehamishiwa kwetu, amevaa sweta mbili na bado anatetemeka. Alisema ameagizwa kukagua mahudhurio. Alikaa kwenye kiti changu, akatoa kalamu nyekundu, akaniambia, "Wewe ita, mwalimu, alama nitaweka mimi."

Niliita. Nikalikaribia jina lile. Nikamwita aliye juu yake, akaitika. Nikanyamaza.

Nje, kikohozi.

Mratibu aliinua kichwa. "Endelea."

Nikaendelea na aliye chini yake.

"Umeruka mmoja, mwalimu."

"Yupo, ndugu mratibu."

"Nani yupo? Sijasikia akiitwa."

Seremala akajaribu kusaidia. "Yuko nje, ndugu."

"Mtoro yuko nje?"

Mtu mmoja akacheka, nadhani kwa mazoea tu, kisha akajutia. Na mzee, ambaye kule nje bila shaka alidhani hakusikika kwa sababu ya mvua, akakohoa tena, kwa nguvu zaidi.

"Na huyo anayekohoa, kama anaumwa si aende zahanati?" alisema mratibu.

Kumweleza kulikuwa ni kumzungumzia mzee na mkamwana wake mbele yao wote wawili, na hakuna mtu mzima pale ambaye angefanya hivyo. Nilitazama sakafu. Nilitamani ardhi inimeze na daftari langu. Nje sikusikia kikohozi cha tatu.

Darasa lilipotawanyika nilimweleza mimi mwenyewe, kila kitu, kwa sauti ya chini. Alinisikiliza mpaka mwisho, hilo nampa.

"Mwalimu, wewe umesoma."

"Ndiyo, ndugu mratibu."

"Mshahara unalipwa na serikali."

"Ndiyo."

"Serikali haina mkwe."

Akafungua daftari langu la zamani, akautafuta mstari wa mwisho wenye vema zangu zote, akaanza kuzigeuza sifuri moja baada ya nyingine kwa wino mwekundu. Aliniambia kuweka alama bila kuita ni udanganyifu, na mtu anayekaa nje ya darasa hayumo darasani. Kwa sheria alizopewa alikuwa sawa. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na vijiji vingi na baiskeli moja, na baridi ilikuwa inamuua. Lakini mimi, niliyewahi kumfukuza kondakta mpaka kwenye ngazi ya basi kwa ajili ya kikapu cha nyanya, nilisimama pale nikamwangalia akimaliza mstari. Niliogopa kazi yangu. Nikarudi nyumbani, na mama mkwe aliponiuliza habari za darasa nikasema nzuri.

Mkutano wa kijiji ulifanyika kwenye uwanja wa ghala la kahawa. Wanaume walikaa upande wao chini ya paa la ghala, sisi wanawake upande mwingine, na mimi nilijibanza nyuma kabisa nimewapa wanaume mgongo, kama inavyopasa akiwapo mkwe. Katibu alisoma majina ya watoro. Kila aliyetajwa alisimama. Walikuwa vijana wa pombe na wale wanaume wawili watatu ambao kila kijiji kinao, wanaokwepa hata mazishi. Halafu akasomwa baba mkwe wangu.

Sikugeuka, lakini nilijua amesimama kwa jinsi minong'ono ilivyokatika. Mzee aliyekuwa akilowa na mvua kipindi baada ya kipindi amesimama mstari mmoja na walevi. Angeweza kusema, "Nilikuwepo, watu wote hawa wanajua." Hakusema, maana kujitetea kungekuwa ni kunitaja mimi.

Mwenyekiti wa kijiji alikuwa mtu wa pale pale, akajaribu kuliokoa jambo. "Huyu mzee wetu tunamjua. Alikuwaga anahudhuria."

"Daftari linasema hakuhudhuria, ndugu mwenyekiti," mratibu alijibu. Kisha nikamsikia akilegeza sauti. "Lakini mimi si mtu mgumu. Mwalimu wake yupo? Basi amwite hapa hapa, mbele ya mkutano. Mzee aitike, nami nitazifuta sifuri zote."

Mpaka leo naamini alidhani anatupa zawadi.

Wanawake wote waligeuka kunitazama isipokuwa mama mkwe, aliyekaa mbele yangu. Nilichungulia begani, nikaona kisogo chake tu, na kilemba chake. Nilimngoja afanye ishara yoyote, atikise kichwa, akohoe, aguse kilemba. Hakufanya kitu. Nilifikiri: wametumia heshima yangu kumvunjia mzee heshima, na nikikaa hapa nimejifunika kanga yangu safi, mkamwana mwema, yeye ndiye atakayeshika jembe. Damu ilinipanda kichwani. Nikasimama.

Daftari lilipitishwa mkono kwa mkono, orodha mpya ikiwa ndani yake, mpaka likanifikia. Nilivuta kanga ikafunika kichwa na nusu ya uso, nikaukabili ukuta wa matofali ambako hakukuwa na mtu. Jina lilikuwa pale katikati ya ukurasa, limepigwa chapa vizuri. Nilikusudia kulitamka taratibu, kwa adabu, ili angalau litoke dogo. Lakini sijawahi kuwa na sauti ndogo. Lilitoka kubwa, likapiga ukuta, likarudi.

Mwanamke mmoja alisema "Yesu" kwa sauti ya kuvuta pumzi. Wengine waliziba midomo. Baada ya hapo hakukuwa na sauti nyingine isipokuwa manyunyu juu ya mabati.

Hakuitika. Nilisimama na daftari langu, nikingoja kama nilivyozoea kungoja, na nilikuwa na hakika sasa kwamba hataitika, kwamba nimelitupa jina lake hadharani bure. Nilisikia mratibu akisogeza karatasi zake. Nilisikia mtoto wa mtu akilia na kunyamazishwa.

"Nipo," mzee alisema.

Alilisema kama anavyolisema mtoto wa darasa la kwanza, neno moja, bila kuongeza kitu. Mratibu akashukuru, akarudishiwa daftari, akachukua kalamu, akafuta. Yeye peke yake alipiga makofi.

Nitasema nilivyojisikia, hata kama hainipendezi. Niliona aibu, ndiyo, njia nzima ya kurudi nilitembea nimeinamisha uso, na wanawake waliozoea kunisubiri turudi pamoja hawakunisubiri. Lakini chini ya ile aibu nilikuwa na kajivuno. Nilijiambia kwamba nimefanya jambo ambalo wote waliogopa kufanya. Nimemtoa mzee kwenye kundi la walevi. Nilijiambia atanuna siku chache, kisha ataelewa, na kibao kitakuja tena kutoka nje kimeandikwa neno.

Jioni mama mkwe alikuja kwangu jikoni. Alikaa kwenye kigoda, akavuta beseni la ndizi, akaanza kumenya. Hakuonekana kukasirika. Ningependa angekasirika.

"Baba yenu amesema uendelee kufundisha watu," alisema. "Yeye hatakuja tena."

"Lakini mama, zile sifuri zimefutwa. Hachimbi tena barabara."

"Barabara." Alilirudia neno hilo kama anaulizwa habari za nchi ya mbali. "Unafikiri baba yenu anaogopa jembe? Angechimba ile barabara, ingeisha, watu wangesahau. Wenyewe wangesema, ile serikali ilimuonea mzee. Si basi?"

"Nilifanya kwa ajili yake, mama."

"Najua, mwanangu. Najua. Na yeye alifanya ya kwako."

"Alifanya nini?"

Aliacha kumenya. "Kuitika. Mtu mzima akiitwa na mkamwana wake mbele ya watu, haitikagi. Ananyamaza. Angenyamaza, watu wote wangemheshimu mpaka anakufa, na ile aibu ingekuwa yako wewe, mtoto wa watu aliyekosa adabu. Ameniambia alisikia ule kimya, akajua umesimama na ile daftari yako, umeshatamka, na huyu kijana wa pwani anakutazama. Akasema, nikinyamaza, huyu mtoto atabaki pale peke yake."

Nilikuwa nimeshika mwiko. Nilitaka kumwambia mama aende akamwambie, halafu nikaona sina neno ambalo angeweza kulibeba mpaka nyumba kubwa. Aibu niliyoiona uwanjani ilikuwa ya kanga na macho ya watu. Hii ilikuwa nyingine, na sijaipatia pa kuiweka hadi leo, nikiwa nimestaafu na mzee alishazikwa miaka mingi iliyopita.

Mama mkwe alimaliza ndizi zake, akaziosha, akanisaidia kuziinjika. Zilipoiva alipakua sahani moja, akaifunika, akajitanda kanga kichwani na kutoka kumpelekea mzee.